Kimya cha Ezekiel

Kwa miezi minne, kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja wa Runzewe alimsimulia Mzee Theonest mambo mengi kuliko watoto wake wote wanne walivyomsimulia tangu wameota meno. Na mwanamke mwenyewe hakujua kama Theonest yupo duniani.

Alimsimulia kwenye hedifoni. Jina lake Paskalina, watu wakimwita Mama Eunice, mjane, na kila wiki alikuwa akikaa na simu yake, anatoa hadithi moja, anaitupa mtandaoni. Podikasti yake iliitwa Uani kwa Mama Eunice. Wachimbaji wa Geita walishuka nayo duarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, madereva wa malori walipunguza mwendo pale Kagongwa ili isiishe kabla ya mizani, na wapo watakaokuapia kwamba mbuzi wa Runzewe waliacha kutafuna sauti yake ikipita. Mimi sikuwaona hao mbuzi, lakini sikumwona pia aliyekanusha.

Kazi ya Theonest ilikuwa kuigeuza sauti hiyo kuwa maandishi. Aliyempa kazi ni Nelly, binti wa katekista, ambaye alikuwa amechukua chumba nyuma ya duka la pembejeo pale Ushirombo, akafagia mbolea iliyobaki, akapigilia kibao mlangoni: SIKIO VITABU. Shirika lile la vitabu lilikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, na fikra moja tu: watu wetu wana maneno, ila yanatokea mdomoni, hayapiti mkononi. Basi wenye podikasti waseme, Sikio liandike, kitabu kitoke. Walikuwa wameshatoa viwili. Kimoja cha Mwita, mchimbaji, juu ya ndoto za watu wanaolala karibu na dhahabu. Kingine cha bwana mmoja wa kuku, kilichosomwa sana hata ikasemekana kuku wenyewe walikuwa wakikiulizia.

Theonest alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba hadi alipostaafu. Kupiga chapa alijifundisha mwenyewe, kwenye mashine isiyokuwa na herufi M, ndiyo maana mpaka leo akikutana na M huipiga kwa nguvu, kama mtu anayemsalimia ndugu aliyetoka safari. Nelly alimpa sheria moja tu siku ya kwanza.

"Baba, andika unachosikia. Usiongeze chumvi, usipunguze."

"Mimi? Chumvi?" alisema Theonest. "Mimi nimewahi kukaa mwaka mzima bila kuonja chumvi, ng'ombe wakawa wananionea huruma."

Nelly alicheka. Lakini ni kweli kwamba nyumbani kwa Theonest hakukuwa na wa kucheka. Agnetha, mkewe, alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Vikombe viwili bado vilining'inia ukutani, kimoja kinashuka kila asubuhi, kingine buibui amekitandia utando mdomoni. Watoto, Damian wa kwanza na wenzake watatu, walipiga simu Jumapili. "Baba umekula?" "Nimekula." "Haya baba, tutaongea." Simu hiyo aliwahi kuipima na yai jikoni. Yai halikuiva.

Sasa, kwetu hadithi haitembei kwa mguu mmoja. Mmoja anasimulia, mwingine anaitikia. Msimuliaji akifika mahali anapumzika, na mwitikiaji anatia neno: Enhe. Ikawaje? Au Gashi! kama anavyosema Msukuma jambo likimshangaza. Asipoitikiwa, msimuliaji ananyamaza, na ni haki yake, kwa sababu huwezi kuendelea kumwagia maji ndoo ambayo hujui kama ina kitako. Mama Eunice alikuwa anasimulia hivyohivyo, kwa kupumzika. "Fisi akafika mlangoni..." Kimya. Unasikia jogoo wa mbali, unasikia upepo kwenye bati. Kisha: "...akabisha hodi."

Siku ya tatu ya kazi, kwenye kimya kama hicho, Theonest alijisikia anasema, "Enhe."

Hakuna aliyemzuia. Nelly alikuwa ameenda posta. Kesho yake akasema, "Ikawaje?" Wiki ya pili akawa anaitikia kama mtu aliyealikwa. Na vidole vyake, ambavyo vilizoea kuandika kila kinachopita sikioni, havikuuliza sauti ni ya nani. Alipofika sura ya nne ndipo akapandisha macho kwenye kioo cha kompyuta akakuta mambo. Mama Eunice anasema fisi amevaa koti la padri. Chini yake, kwenye mstari wake peke yake, na kistari mbele kama mtu mwenye heshima zake: *Gashi! Na viatu je?*

Aliziona kauli zake zote, tangu ukurasa wa pili. Angeweza kuzifuta. Kidole kilienda mpaka kwenye kitufe cha kufutia, kikakalia pale kama kuku juu ya yai, halafu kikaondoka. Kwa sababu yale yalikuwa mazungumzo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu kulikuwa na karatasi duniani inayoonyesha mtu amesema kitu, na Theonest akamjibu, na mtu akaendelea kusema. Akazibakiza. Tena kuanzia sura ya tano akawa anazipanga vizuri.

Nelly aliposoma alipenda. Yeye alisoma tu, hakusikiliza. Alidhani Mama Eunice husimulia akiwa na mwenzake. "Huyu jamaa anayeitikia ana vituko kweli," alisema, na Theonest akaangalia dirishani, akaona kitu muhimu sana kwenye mti.

Vitabu vilichapwa Mwanza, vikarudi na basi, nakala mia moja na hamsini. Nakala ya kwanza ilienda Runzewe kwa mwenyewe. Uzinduzi ulipangwa ukumbi wa parokia, mwezi unaofuata.

Siku mbili baadaye Nelly alimpigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kitabu kimefika?"

"Kimefika. Baba... anayesema Gashi ni nani?"

Theonest alikuwa na uongo wa aina kumi na mbili tayari, mwingine mzuri sana. Aliutafuta mdomoni, hakuuona hata mmoja.

"Mama Eunice anakuja Alhamisi," alisema Nelly. "Amesema anataka kumwona huyo mtu. Na asipomwona, kitabu hakizinduliwi."

Alhamisi Theonest alivaa shati la kanisani. Njiani alijipa moyo, akajidanganya, na kwa uongo yeye alikuwa fundi: labda mama amefurahi, labda anakuja kusema baba Damian, umeniokoa, nilikuwa nasimulia peke yangu kama kichaa, tuendelee. Alifika ameshajibu hadi maswali ambayo hayajaulizwa.

Mama Eunice alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Amekaa kwenye kiti cha Nelly, kitenge begani, kitabu mapajani kimejaa vijiti vya kiberiti kila penye neno la Theonest. Kilivimba kama nungunungu.

"Karibu mama. Za Runzewe?"

"Njema tu. Ndiye wewe?"

"Ndiye."

Akafungua kwenye kijiti cha kwanza. "Hapa mimi nasema mtoto amelala njaa. Wewe unasema: Pole mama, hata huku unga umeisha." Akampandishia macho. "Unga uliisha?"

"Uliisha kweli, siku hiyo."

Nelly alikohoa kuficha kicheko. Mama Eunice hakuficha kitu, kwa kuwa hakuwa na kicheko. Akaenda kijiti kingine. "Hapa mchawi anapanda ungo. Wewe: Sisi tuliwahi kumwona mmoja anapandia beseni. Ungo ni wa matajiri."

"Hiyo nayo ni kweli, mama. Ilikuwa mwaka wa njaa ya..."

"Baba Damian."

Mama Eunice alimkata hapo, akaweka kitabu sawa mapajani.

"Mimi nilikuwa na mume, anaitwa Ezekiel. Mwashi. Kila jioni nilikuwa namsimulia, na alikuwa anaitikia. Si kwa maneno yako haya. Yeye neno moja tu: Ee. Tena anachelewa. Mpaka unadhani amelala, ndipo anasema Ee. Alipokufa, Eunice akaniambia mama zisimulie kwenye simu, usikae nazo tumboni. Nikasimulia. Pale pa Ezekiel nikawa napaacha." Alifunga kitabu, vijiti vikachungulia. "Kile kimya si kwamba nimesahau. Kimya kile ni chake. Wewe umekuta kiti kitupu, ukakaa, hukuuliza mwenyewe yuko wapi."

Feni ilizunguka. Dukani mtu aliulizia dawa ya viwavi.

"Sikujua," alisema Theonest.

"Siku ya kwanza hukujua."

Theonest aliinamisha kichwa. Akatazama viatu vyake.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi nyumbani siongeleshwi."

Mama Eunice alimtazama kama mtu anayepima ugali kwa macho. Kisha akafanya jambo ambalo Nelly hakulitegemea. Akaweka kitabu kando, akaanza kusimulia. Hapohapo, mchana kweupe, hadithi ya fisi na koti. "Fisi akafika mlangoni..."

"Enhe," alisema Theonest.

Mama Eunice akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Unaona? Hata sijafunga mdomo. Unaitikia kama mtu mwenye njaa, baba Damian. Ezekiel alikuwa ameshiba."

Akamgeukia Nelly. "Yatolewe."

"Mama, vimeshachapwa. Vyote mia na hamsini vina maneno hayo."

"Aliyeyaweka si ana mikono?"

Ndivyo ilivyoamuliwa. Theonest alikata karatasi nyeupe kwa wembe, vipande vyembamba kama utambi. Alipika gundi ya unga wa muhogo kwenye sufuria ya Agnetha, ile ndogo. Kila kitabu kilikuwa na maneno yake arobaini na moja, na kila neno alilifunika, akalikandamiza kwa dole gumba, akahesabu hadi kumi, akafunua ukurasa mwingine. Elfu sita na zaidi. Mende wa nyumba ile walinenepa kwa gundi hadi wakawa wanagonga mlango kabla ya kuingia, angesema, kama angekuwa na wa kumwambia.

Mwanzoni aliona aibu. Baada ya vitabu ishirini aibu ilichoka. Akabaki anasoma. Na kwa kuwa sasa hakuwa na la kusema, alianza kuona kitu ambacho hakukiona miezi minne: vile vimya havikuwa sawa. Vingine vilikuja penye kicheko, vingine penye jambo la kutisha, na kimoja, ukurasa wa tisini, kilikuja mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote; mwanamke anachota maji tu. Theonest alikuwa ameandika hapo: *Mama, mbona umenyamaza?* Alikishikilia kile kipande cha karatasi muda mrefu. Gundi ikakaukia kidoleni. Akapika nyingine, akalifunika swali lile.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Watu walishangaa vile vibandiko, wakadhani ndio mtindo wa vitabu vya sasa. Wengine walikiinua kitabu kuelekea dirishani, na palipopita jua waliona herufi kwa chini, hafifu, kama samaki chini ya maji machafu. "Kumeandikwa nini hapa?" mmoja aliuliza. Mama Eunice alijibu akiwa anatia sahihi: "Mtu alipita."

Theonest alikaa mstari wa nyuma. Mwishoni mama alimjia, akiwa na ile nakala yake ya vijiti vya kiberiti chini ya kwapa, ambayo haikubandikwa.

"Hii haijabandikwa, mama," alisema Theonest haraka. "Nipe niimalizie leo."

"Achana nayo. Ninamwonyesha Eunice, aone jinsi watu wanavyoingia nyumbani bila hodi." Akaiweka vizuri kwapani. "Haya. Ubaki salama, baba Damian."

"Haya, mama."

Akapanda hiace, ikaenda.

Jioni ile Theonest aliteremsha kikombe chake. Akasimama, kisha akateremsha na kile kingine, akakipuliza buibui, akakiweka mezani upande ule. Hakutia chai. Alikaa, akajisafisha koo.

"Unakumbuka ng'ombe wa mzee Mageni?" aliuambia ukuta. "Yule aliyemeza redio pale kiwandani. Akawa kila saa mbili usiku anatoa taarifa ya habari."

Hapo ndipo Agnetha alipokuwa akisema, Muongo wewe. Kila mara, miaka thelathini na nane, bila kuinua macho kwenye anachopepeta.

Theonest alifunga mdomo. Ulimi ulitaka kwenda, akauzuia kwa meno. Bati lilipiga kidogo kwa upepo. Agnetha hakuwa mtu wa kuchelewa, alikuwa na jibu kabla hujamaliza, hakuhitaji kungojwa.

Akamngoja hata hivyo. Kisha akaendelea na habari za ng'ombe.