Tangi la Baba Shekinah

Chumba chetu hapa Berea, huku ugenini, kina urefu wa hatua saba, na upande wote wa dirisha ulimezwa na tangi la samaki. Mume wangu Théodore alipewa na bosi wake wa mtaa wa Observatory, ambaye Théodore alikuwa akimlindia geti, siku bosi huyo alipohama nchi. Wanaume wanne walilipandisha mpaka ghorofa ya nne, maana lifti ilishakufa zamani. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kiuno. Pale dirishani nilikuwa nimepanga kuweka cherehani yangu.

"Mama Shekinah, angalia muzuri," akaniambia. "Hawa ni ba kwetu. Batoka ku ziwa yetu."

Kweli walikuwa wa Ziwa Tanganyika, kama sisi watu wa Uvira. Samaki tisa weusi wenye mkanda wa njano, wazuri kuwatazama, lakini roho zao mbaya ajabu! Kila mmoja alikuwa na jiwe lake, na akimwona mwenzake karibu anamng'ata mapezi. Théodore alisema tangi kubwa ndiyo dawa, ukiwabana watauana. Na alipoongeza samaki mgeni, kwanza aliyatoa mawe yote akayapanga upya, ili wenyeji nao wajione wageni. Bila hivyo, alisema, mgeni hamalizi wiki.

Mwezi wa tatu akaja mdogo wake, Glody, amekimbia vita na begi moja na kicheko chake. Alilala siku mbili kwenye korido, msimamizi wa jengo akamfukuza. Chumbani godoro tulilomnunulia lilikosa mahali.

"Uza tangi," nikamwambia mume wangu.

"Nitapata wapi tena kitu ya kwetu?"

"Na huyu ametoka wapi?"

Aliwatupia samaki chakula. Kesho yake akamtafutia Glody kibanda mtaa wa Alexandra, kwenye uwanja wa vibanda vya kupanga ambako hakuna hata mmoja aliyejua lugha yetu. Nilinuna, nikashona, nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Haikupita wiki mbili Glody akampigia simu kaka yake, aliyemwita Yaya. Watu wa uwanja walimwambia atoke, kwamba wageni hawatakiwi, na dirisha walishalivunja.

"Yaya, unirudishe, hata nilale ku mlango."

"Vumilia mpaka siku ya Mungu," Théodore akasema. "Kuna mutu anakuja kuangalia samaki. Akichukua wawili watatu, nitatafuta tangi ndogo."

Glody akacheka. "Yaya, mugeni wa samaki unamusogezeaka mawe. Na miye unisogezee."

Jumapili hakuifikia. Ijumaa walivunja mlango, wakamtoa nje, wakampiga mpaka akafa. Pasta wetu ndiye aliyetuletea habari, na alimkuta Théodore na kitambaa mkononi, anapangusa kioo.

Kwetu, msiba ukiingia, vitu vyote hutolewa ndani ili watu wakae chini. Wanaume wa kanisa walitoa kitanda, wakatoa cherehani, kisha wakasimama mbele ya tangi wakimtazama mume wangu.

"Mutoe," akasema.

Samaki walimwagwa kwenye ndoo mbili za kufulia, maji yakapelekwa bafuni kwa mpira wa maji, na wale wanaume wakalibeba tangi hadi koridoni. Sikutaka kutazama saa, lakini nilitazama. Kazi yote ilichukua dakika ishirini na tano. Kwenye ndoo samaki walianza kuraruana palepale, na hakuna aliyewaamulia.

Nilimchukia mume wangu saa ile. Nilijichukia na mimi.

Jioni pasta akaleta vitu vya Glody kutoka Alexandra: begi, sufuria, na lile godoro. Mama Emérite, jirani yetu Mrundi, akalitandika chini ya dirisha, pale lilipokuwa tangi, ili mfiwa akae. Théodore hakukaa. Alisimama akiliangalia. Godoro lilikuwa limetosha kabisa, na pembeni ilibaki nafasi ya viatu.