A ya Ajouter

Alima, fundi mpya wa kompyuta, hakuwa na neno baya na Mama Agnès, mkunga mkuu wa kliniki yao ya Kampemba. Lakini kumwona katika kundi la wasimamizi wa kompyuta kuu kulimkera. Mama wa watu, hata kipanya anakishika kama kaa la moto, naye ana ruhusa ya kubadili kila kitu! Alipotaka kumtoa, Papa Godefroid, fundi aliyekuwa akistaafu na kurudi kwao Kasomeno, alikataa katakata. "Umuache pale," alisema, na hakueleza zaidi.

Asubuhi hiyo Alima aliamua kupanga upya mafaili ya wajawazito. Aliyafunga yote, akaunda kundi jipya ambalo angeliruhusu kuyafungua mwishoni, akajiingiza humo yeye kwanza kujaribu kabla ya kuwaingiza wauguzi. Akatoka kwenye akaunti, akaingia tena ili mashine imtambue. Ikamtambua, naam, kama mmoja wa kundi jipya na basi. Katika amri yake alikuwa amesahau herufi moja, a, ile inayosema "ongeza". Bila hiyo mashine ilielewa: kundi hili peke yake, kwingine kote mfute. Msimamizi akawa si msimamizi tena.

Hapo ndipo ambulensi ilipoingia uani. Tracy, mwenye mimba ya mapacha, presha ilikuwa imempanda, akawa anapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa. Jina la dawa ya usingizi iliyokaribia kumuua safari iliyopita lilikuwa ndani ya faili lake. Wauguzi wakabofya, mashine ikakataa. Tracy akidhurika, ni mkono wa Alima.

Akamkimbilia Mama Agnès, aibu pembeni.

"Mama, nimejifungia inje. Weye tu njo unaweza kunifungulia."

"Miye? Basi nionyeshe, mutoto."

Mama Agnès akakaa, akaandika kwa kidole kimoja kile alichotajiwa.

"Hapa unatia a," Alima akasema.

"A ya nini?"

"A ya ajouter, mama. Njo ile nilisahau."

Alima akatoka, akaingia tena, na safari hii mashine ikatii. Faili likachapwa, ambulensi ikaondoka nalo. Alasiri habari ikafika: Tracy mzima, mapacha wazima. Alima alilia mbele ya watu, wala hakujificha.

Kisha akampigia simu Papa Godefroid.

"Papa, aksanti sana. Ulikatala nimutoshe Mama Agnès, na leo ametuokoa."

Mzee akacheka. "Unishukuru miye? Miye sikukutaka, nilisema ungali mutoto. Mama Agnès njo aliniomba nikuongeze mu groupe ya wasimamizi. Hakukuambiaka?"

Hakuwahi kumwambia. Alima alimkuta wodini akikunja shuka, akashika ncha ya pili, wakakunja pamoja.

"Aksanti, mama," alisema.

"Ya ile a?"

"Ya ile uliniwekea ya kwanza."