Injini Isiyokunywa Maji

Kwa miaka ishirini na saba Ngatia alinywesha injini maji pale stesheni ya Kiganjo, na mkewe Waithira alizoea kusema kwamba ng'ombe wao angepata nusu ya maji yale angezaa mapacha. Gari la moshi likitoka Karatina lilifika likihema, likasimama chini ya tangi, likanywa dakika ishirini nzima. Dakika hizo ndizo mwana wao Mutahi, mchochea moto wa injini, alizoziita nyumbani. Alishuka akala viazi vitamu vya mamake, kisha babake akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee, naye akaenda zake na doa kwenye shati.

Mwaka huo wa sabini na nne Ngatia alikuwa kitandani wiki ya sita. Barua ya Mutahi ilikuwa fupi: sasa yeye ni dereva, Alhamisi atapita na injini mpya ya dizeli, halafu anahamishiwa Voi. Likizo ni Krismasi.

Waithira aliangalia mbavu za mumewe, akajua Krismasi ni mbali.

"Nitambariki hapo stesheni," Ngatia alisema. "Mtoto akienda mbali bila mate ya baba, ameenda uchi."

"Basi twende mapema, Baba Mutahi. Tumngojee huko."

"Na hii baridi? Unataka nikufe kabla hajafika? Tutatoka tukisikia honi. Injini itakunywa kwanza."

"Ati hiyo ya dizeli hainywi."

"Nani anasema? Ni mimi nilikuwa kwa tangi ama ni wao? Nionyeshe mnyama hainywi maji."

"Si wewe hapa? Tangu jana umekataa hata uji."

Ngatia alicheka mpaka akakohoa. Waithira angeweza kubishana zaidi, mdomo haukumpungukia. Lakini kumwambia injini hainywi ni kumwambia lile tangi ni bati tupu, na miaka yake ishirini na saba pia. Akanyamaza. Kunyamaza huko kulimla moyo baadaye.

Alhamisi honi ililia kwenye kona, nzito, kama fahali mwenye mafua. Moffat, jirani yao, alikuwa tayari na mkokoteni. Wakamlaza Ngatia juu yake ndani ya blanketi mbili.

"Pole pole, Moffat. Huyo si gunia ya kabichi."

"Kabichi haina maneno mingi hivi, mama."

Walikuwa ndio wanafika kwenye tangi filimbi ilipolia. Bendera ya kijani ikapepea.

"Bado haijakunywa!" Ngatia alilia. "Waambie bado!"

Treni ikaanza kuja upande wao, safi, bila moshi, bila kuhema. Mutahi alikuwa amechungulia dirishani. Aliuona mkokoteni. Kusimamisha hakuweza, nyuma yake kulikuwa na mabehewa tisa ya watu. Akaachia mkono mmoja, akafungua vifungo vya shati, akatoa kifua nje kwenye baridi.

Ngatia alijiinua kwa kiwiko, akatema.

Upepo wa mlimani uliyachukua mate yale ukayarudisha kwenye blanketi yake mwenyewe. Waithira aliona. Ngatia, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, hakuona. Behewa la mwisho likapita, reli zikanyamaza.

"Yamefika?"

Waithira alipangusa blanketi kwa ncha ya leso yake, polepole, kama anayemfunika tu.

"Yamefika. Umemlowesha kama mtoto wa ubatizo. Atafika Voi bado anajipangusa."

Moffat aligeuka akatazama mlimani.

"Na maji?" Ngatia aliuliza. "Haikunywa?"

"Itakunywa stesheni ya mbele, Naro Moru."

"Nilikuambia," alisema Ngatia, akafumba macho.