Foto za Mama Falone

Bibi ya kaka yangu, wifi yangu, anaitwa Mukashema, lakini sisi wote tunamuita Mama Falone. Minasema mapema: simupendi sana. Analima muzuri, anapika muzuri, lakini telefone ilimuharibu kichwa.

Kaka yangu Nizeyimana anauzisha fromaji, ile jibini ya maziwa ya ngombe. Anaitoa huku kwetu Masisi, anaifunga ku moto, ile pikipiki, anaipeleka Pinga, anarudi na mafuta ya mawese. Kule rezo ya telefone iko tu juu ya kilima. Ukitaka kusikia muntu wako, unapanda. Muntu mwenye akili angejua kwamba bwana mwenye kunyamaza iko tu chini ya kilima. Mama Falone yeye alijua iko chini ya blanketi ya mwanamuke.

"Juu ya nini ulizima telefone? Uko na nani? Nani huyo anacheka nyuma yako?" Njo salamu zake. Halafu akaanza mambo ya foto. Kila mangaribi kaka alipaswa kupanda na kumutumia foto: fasi, pahali anasimama, njia anapita, watu wenye kuwa karibu. Akikawia kidogo, bibi analia mpaka majirani wanachungulia.

Siku moja nilisikia kaka anamuambia ku telefone: "Mama Falone, huku kupiga foto haiko muzuri. Kuko bariera za kufunga njia, kuko watu wa bunduki. Wananiangalia mubaya."

Mama Falone akakata, akanigeukia: "Umesikia, wifi? Amepata sababu." Na ile mashaka yake inaambukiza kama upele. Hata miye nilianza kujiuliza kaka anaficha nini.

Kiisha ikafika siku tulikuwa tunachambua maharagi mu lupango, inje ya nyumba. Namba yenye hatujui ikapiga ku telefone ya Mama Falone. Akaweka sauti inje ili mikono ibakie mu maharagi.

"Wewe njo bibi ya Nizeyimana?" Ilikuwa mwanaume, anasema polepole.

"Nani anauliza?"

"Tuko naye hapa juu ya kilima, ku bariera ya Pinga. Telefone yake imejaa foto za fasi zetu na watu wetu. Anasema haiko mupelelezi, ni bibi yake njo anaziomba, sababu ya wivu. Kama ni kweli, anarudi kwenu. Ni kweli?"

Nikamushika mukono: "Sema ndiyo." Akanisukuma. Alikuwa ametega sikio, anatafuta kicheko cha mwanamuke nyuma ya ile sauti. Kwake yeye, huyo alikuwa rafiki ya bwana, ametumwa kumutega, ili yule mwanamuke mwenye alizania bwana iko naye Pinga asikie namna bibi wa nyumba anajishusha.

Akajinyoosha, akatoa sauti ya mama wa kanisa. "Miye? Wivu? Papa, miye ni mwanamuke wa heshima. Sijawahi kumuomba bwana yangu foto hata moja."

Halafu tukasikia kaka, mbali kidogo na telefone: "Mama Falone, tafazali."

"Aksanti, Mama," yule muntu akasema, akakata.

Nilipiga kelele kwamba anadanganya, lakini nani alikuwa anasikia? Mama Falone akapiga ile namba, akapiga ya kaka, akarudilia mpaka mangaribi. Zote zilikuwa zimezimwa. Hasira ilinishika, nilitaka kumupiga na ungo.

Kesho yake tukapanda moto, sisi wawili, matope mpaka magoti. Ku bariera tulikuta mwanaume amekaa ku kiti na telefone ya kaka mu mukono. Sauti ilikuwa ile ile. Mama Falone akapiga magoti mbele ya watu wote wa njia.

"Papa, ni miye njo niliomba zile foto. Niko na wivu, wivu mubaya. Muulize huyu wifi yangu." Alilia bila haya, na siku ile nilimuhurumia.

Yule akatuangalia sana.

"Mama, jana ulisema bila kufundishwa na muntu. Leo umekuya na maneno ingine, na shahidi kando." Akatia telefone mu mufuko. "Sasa niamini gani?"

Nyuma yake kulikuwa nyumba ya mbao, mulango umefungwa. Mama Falone akaita jina ya bwana yake kwa nguvu, mara na mara. Tukasikiliza. Kaka hakuitika, na yule mwanaume hakugeuka hata kuangalia ule mulango.