Fungu la Sita

Kadii Nyale alikuwa na nzi mia mbili na kumi na tatu mezani, na kila mmoja alitaka kutazamwa miguu. Nzi hawa wa miguu mirefu, wadogo kuliko punje ya mchele, wenye rangi ya kijani ya kumetameta, hukaa juu ya tope la mikoko huko Mida, na kwa mtu asiyezoea wote ni sawasawa. Ukimweka chini ya hadubini ndipo unapomjua ni nani: mshipa wa bawa umepinda au umenyooka, paja lina unywele mgumu mmoja au miwili, ncha za miguu ni nyembamba au zimetanuka. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwagawa hivyo katika chumba cha wadudu cha kituo kimoja kule Watamu, akapata mafungu sita. Matano yalikuwa na majina tayari vitabuni. La sita halikuwa nalo, akalipa jina la mama yake, Kanze, likavishwa mkia wa Kilatini kama ilivyo desturi ya kazi hiyo.

Hapo ndipo alipojikoroga. Fungu la sita lilikuwa na majike kumi na mmoja, dume hakuna hata wa dawa. Fungu la nne lilikuwa na madume watupu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesita. Kadii naye alisita, ila madume wale walikuwa na miguu myeusi, na majike miguu ya manjano, na yeye, tuseme kweli, alilitaka jina lile kuliko alivyotaka kusita.

Makala ilikuwa haijachapishwa, lakini Adu nzima, kijijini kwao, ilishajua. Mama yake alitangaza kanisani, akatangaza kisimani, akatangaza kwenye mashine ya kusaga mahindi. Waliomtania kwamba binti kasoma miaka yote ile ili aje amfanye mamaye nzi, aliwajibu kuwa wao hata kiroboto hawana. Jumatano hiyo alishuka Gede asubuhi na leso mpya, amekuja kumwona nzi wake akiwa hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Huko Mida maji yalikuwa yamekupwa. Wakachutama ukingoni mwa tope. Mama amefuga kuku maisha yake yote. Hutenga jogoo na tembe vifaranga wangali wadogo, na hadubini hakuihitaji.

"Wangu ni yule wa miguu ya manjano?"

"Ndiye."

"Mbona huyu mweusi anamwandama?"

Dume wa fungu la nne alikuwa amesimama mbele ya jike wa fungu la sita. Aliinua miguu ya mbele, yenye ncha pana kama vijiko, akapunga kulia, akapunga kushoto, akasogea. Jike hakukimbia. Dume akapunga tena, kisha akampanda.

Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. "Kadii! Wangu ana mume!"

Kadii hakucheka. Aliwafunika wote wawili kwa kichupa cha kioo.

Chini ya hadubini hapakuwa na la kubishania. Mshipa wa bawa ulipinda mahali palepale kwa wote wawili, na unywele wa paja ulikaa palepale. Rangi ya miguu ndiyo iliyomdanganya, au yeye ndiye aliyekubali kudanganywa. Musyoka, mwenzake wa chumba kile, mtu wa Machakos asiyependa kazi irudiwe, alitazama pia, akanyanyua mabega. "Ni jozi moja tu. Tuma makala yako. Atakayebisha ataandika yake."

Mama alikuwa benchini na soda yake, akingoja kuonyeshwa. Kadii akamweleza polepole: hawa si aina mbili, ni mume na mke. Na sheria ya majina ni kwamba lililoandikwa kwanza ndilo hubaki. Huyo mume alipewa jina miaka mia iliyopita na bwana mmoja wa Ulaya ambaye hata Kilifi hakufika. Aliletewa nzi kwenye bahasha.

"Na mke?"

"Mke anafuata jina la mume."

Mama akaiweka soda chini.

"Nimefika kwa Nyale miaka arobaini na mmoja sasa," alisema. "Nilikuwa mke wa Nyale. Ukazaliwa wewe, nikawa Mekadii. Mchungaji ananiita mama Kadii, daktari naye mama Kadii. Mwanangu, aliyekuwa akiitwa Kanze ni huyu nzi peke yake."

Miaka yote hiyo jina lake yeye ndilo lililomfunika mama yake, na hakuwahi kulifikiria hata siku moja. Alijiona mwizi.

"Jina litabaki," akasema. "Musyoka hatasema kitu. Hakuna mwingine aliyeona."

Mama akageuka, macho makali, kama mtu aliyetukanwa. "Hakuna aliyeona? Na mimi je?"

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Nani aliyemwona yule mume kwanza? Wewe na kioo chako miaka mitatu, au mimi?"

"Ni wewe."

"Basi usiniambie hakuna aliyeona."

Musyoka akajishughulisha na kalamu zake. Kadii akavuta droo, akatoa kikaratasi kidogo cha kuchomwa kwenye pini chini ya nzi, kile kinachoandikwa mahali, siku na jina la aliyemkusanya. Vyote vilivyokuwa kwenye sanduku la nzi vilisema K. Nyale. Hiki alikiandika kwa mkono, kwa herufi ndogondogo: Mida, topeni, jike na dume pamoja. Aliyewatambua, Kanze binti Kiponda.

Mama akavaa miwani, akafuatisha kwa kidole bila kugusa.

"Nzi huyu atakaa humu sandukuni siku ngapi?"

"Miaka mia, mama. Labda na zaidi."

Akasoma tena, midomo ikitembea.

"Basi andika upya," akasema. "Hiyo z yako imepinda."