Mgongano na Mkwe

Gaudiosa hakuwahi kutafuta ugomvi akaukosa, mpaka siku ya zoezi la Git.

Git ni programu inayotunza faili pamoja na kila badiliko lake: nani kaandika nini, nani kafuta nini. Ismael, mwalimu wa darasa la kompyuta analosoma Gaudiosa pale Bukoba mjini, hataki watu wakariri amri. Kwake ni mikono tu. Zoezi la mwisho lilikuwa la watu wawili wawili. Kila mmoja, akiwa kwake, abadilishe mstari uleule wa faili moja bila kuchungulia mwenzake kaandika nini. Mabadiliko yagongane, kisha wayapatanishe. Watakaofika saa sita mchana bila mgongano hawaingii kwenye timu ya kutengeneza tovuti ya wakulima wa kahawa. Na Gaudiosa alishauza cherehani yake akanunua kompyuta. Akiikosa timu, hana kazi ya zamani wala mpya.

Ismael alimpanga Gaudiosa na mkwewe mwenyewe, Derick, mume wa binti yake Renatha, anayeishi Buganguzi kule Muleba. Eti kwa sababu wanajuana!

Gaudiosa akaanza: "Senene watamu ni wa Bukoba." Akausukuma kwa git push uende kwenye faili ya pamoja, akangoja. Mtu wa Muleba atanyamaza vipi kwa maneno kama hayo?

Simu ikaita, akaiweka spika.

"Shikamoo mama. Nimeuona mstari wako, waitu. Mzuri sana." Waitu ya Kihaya, ya heshima tupu.

"Marahaba. Nani kakwambia uuone? Si ulitakiwa uandike wa kwako?"

"Niliona si adabu kuandika wewe hujasema. Nikafanya git pull kwanza."

"Derick, ukivuta ya kwangu kwanza, hatugongani!"

"Mimi na wewe tugongane, mama? Hapana, waitu."

Sebule nzima ikacheka. Nyumba hiyo ya Kitendaguro haijui siku ya watu wachache, na jirani yake Shamsa alikuwa amekuja kuazima ungo tangu asubuhi, ungo wenyewe bado uko ukutani.

"Mkwe kama huyo mimi ningemvisha kanzu," Shamsa akasema. "Wa kwangu ananijibu hata nisipoongea."

"Nikuazime huyu? Nipe wa kwako mpaka saa sita."

Akajaribu tena: "Kahawa ya Muleba inanuka moshi." Derick akapiga simu kusema kwamba kweli, mvua zilisumbua, wengine walianikia jikoni. Gaudiosa akashika kichwa. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa tano na nusu.

"Sasa basi," akasema, akavuta kompyuta. Akaandika: "Ebitoke za Ephrasia haziivi." Akasukuma.

Shamsa alikuwa anasoma juu ya bega lake. "We! Ndizi za Ephrasia? Si ndiye mama yake Derick huyo?"

"Ndiye. Natafuta ugomvi, nimtaje nani mwingine?"

Simu haikuita. Gaudiosa, damu imeshachemka, akaongeza kwenye mstari uleule: "na chai yake ni maji ya moto." Akahifadhi kwa git commit, akasukuma. Ikakataliwa: kuna mtu kesha kutangulia. Akavuta kwa git pull, na hapo kwenye skrini ukatokea mgongano, maneno yake juu, ya Derick chini:

"Ebitoke za mama yangu zinaiva, na siku ya harusi mama Gaudiosa aliomba sahani ya tatu."

"Kagongana!" Gaudiosa akaruka, akamkumbatia Shamsa. "Kagongana nami, Mungu ambariki!"

"Ila sahani ya tatu kweli uliomba," Shamsa akasema. "Nilikuwepo."

Gaudiosa akafuta mstari wake, akaacha wa Derick, akafanya git add, git commit, git push. Muda si mrefu Ismael akaandika: "Hongereni, mmeingia kwenye timu. Historia yenu nimeituma kwenye kundi la darasa, wengine wajifunze."

"Historia gani? Si nimefuta?"

Akaandika git log -p. Yote yalikuwepo, senene, kahawa, ebitoke, chai, na kila neno lina jina lake Gaudiosa pembeni. Bado anatazama, simu ikaita. Namba ya Derick, sauti si ya Derick.

"Mama Renatha. Kumbe chai yangu ni maji ya moto."

"Mama Derick! Lilikuwa zoezi tu, wallahi…" Hata kiapo alikiazima kwa Shamsa. "Nimeshafuta."

"Mkweo ananionyesha hapa. Halijafutika hata moja."

"Ndivyo programu ilivyo, mama. Haisahau. Mimi nifanyeje?"

"Inakubali kuongezwa?"

"Inakubali."

"Basi andika ninavyokwambia, na jina lako likae pembeni vilevile." Gaudiosa akakaa, akabana simu kwa bega. Shamsa akasogeza kiti. Ephrasia akaanzia kwenye kumenya, akafika kwenye maharage, akapita kwenye chumvi, hana haraka.

"Umeandika?"

"Naandika, mama."

"Weka nukta. Sasa tuje kwenye chai."