Kura ya Vidonge vya Tezi

"Ukirudi bila vidonge usinigongee mlango," wifi alinitania asubuhi ile, akinifungia mwanangu mgongoni. Alicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mimba mbili zilikwishamtoka. Kwenye hii ya tatu, kipimo cha damu kilionyesha tezi yake ya shingo imelegea kazi kidogo, kidogo kiasi kwamba daktari wa kliniki alikataa kumwandikia dawa mpaka mwongozo mpya wa matibabu utoke.

Na mwongozo tulikuwa tunauandika sisi: madaktari saba, mkunga, na mimi, mgonjwa wa tezi niliyealikwa kuwasemea wenzangu.

Mwenyekiti tulimpachika jina Ushahidi Uko Wapi, maana hakuwa na salamu nyingine. Tafiti alizotuwekea mezani zilikuwa chache, ndogo, tena zinagombana. Moja ilisema vidonge huokoa mimba. Nyingine ilisema havisaidii kitu. Nyingine ikasema huupeleka moyo mbio.

"Mimi nilimeza," nikasema, "nikampata huyu."

Mtoto akapiga ukelele mapajani pangu.

"Haya, mwenzetu ameshapiga kura!" mkunga akasema. Wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza taratibu, "Na usingemeza, mama, usingempata?"

Nilimtazama mwanangu, nikampangusa udenda kwenye yale mashavu.

Kwenye kamati ile mgonjwa hupiga kura kwanza, asije akaburutwa na wakubwa. Nikainua mkono kuvikubali vidonge. Mkunga akainua wake. Tukabaki hivyo, wawili, feni ikizunguka juu yetu, mpaka bega likaniuma.

"Hatupendekezi, hadi utafiti mkubwa ufanyike," mwenyekiti akaandika. Hakuwa katili, alikuwa amechoka tu. Utafiti huo ukija kukamilika, mtoto wa wifi atakuwa anakwenda shule. Au hatakuwepo.

Nilimkuta wifi amesimama mlangoni, kanga mkononi.

"Wamekataa?"

"Hawajui, wifi."

"Hawajui!" Akaketi kizingitini polepole, kama aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa pomoni. "Basi waliambie na tumbo lisubiri."

Sikuwa na kingine cha kumpa. Nikamfungua mwanangu mgongoni, nikampakatisha wifi. Akamnusa utosini, akafumba macho.

"Si huyu hapa ushahidi?" akasema.

Nikashindwa kumwambia kwamba mmoja hatoshi.